Gluteni katika Vipodozi: Ya Kuhofia na Yasiyo ya Kuhofia

Mgonjwa aliyethibitishwa kuwa na ugonjwa wa seliaki huanza kwa kuchunguza jiko lake. Chapati, mandazi, mkate na tambi huondolewa mezani. Ugali wa mahindi, wali, ndizi, muhogo, mtama na ulezi hubaki, na kwa hilo mkazi wa Afrika Mashariki ana nafuu kuliko mwenzake wa Ulaya ambaye karibu kila mlo wake una ngano. Miezi kadhaa ikipita, hasa kama tumbo halijatulia sawasawa, macho huhamia bafuni na kwenye meza ya vipodozi. Chupa ya losheni hugeuzwa, maandishi madogo ya nyuma husomwa, na humo hupatikana jina la ngano. Swali linalofika kliniki baada ya hapo ni moja: je, losheni hii ndiyo inayonirudisha nyuma?

Kwa mgonjwa wa seliaki, gluteni hudhuru inapomezwa; isipomezwa, haidhuru. Hilo ndilo jibu fupi. Jibu kamili linadai kutenganishwa kwa magonjwa mawili ambayo watu wengi, wakiwamo baadhi ya wahudumu wa afya, huyaita kwa jina moja la mazoea, “aleji ya ngano”. Ugonjwa mmoja ni seliaki. Wa pili ni mzio halisi wa ngano. Losheni ambayo haimdhuru mwenye ugonjwa wa kwanza yaweza kuwa chanzo cha matatizo ya mwenye ugonjwa wa pili.

Seliaki ni ugonjwa wa kinachomezwa

Gluteni ni jina la jumla la protini zilizomo katika ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi isiyolimwa sana Afrika Mashariki. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike unapokandwa na mkate uumuke bila kusambaratika. Protini hizo hazimeng'enywi kikamilifu. Vipande vyake vikubwa hufika kwenye utumbo mwembamba vikiwa havijavunjika. Kwa watu wengi vipande hivyo hupita bila madhara. Kwa mwenye seliaki, aliyezaliwa na vinasaba vya aina ya HLA-DQ2 au HLA-DQ8, kimeng'enya cha utumbo kiitwacho transiglutaminasi huvibadilisha kidogo, na seli za kinga huvitambua kama adui. Mapambano yanayofuata huviharibu vijidole vidogo sana vya ukuta wa utumbo, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Hapo ndipo hutokea kuhara, tumbo kujaa gesi, kupungua uzito, mtoto kudumaa, mifupa kudhoofika, na upungufu wa damu usioponywa na vidonge vya madini ya chuma. Wapo wagonjwa wasio na dalili yoyote ya tumbo.

Ushahidi wa kwanza wa nguvu ulitokana na njaa. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, vita vilipoifanya nchi hiyo ikose mkate, mawazo yake yalipata nguvu, na mwaka 1950 akayatetea katika tasnifu yake. Watoto hao walipata nafuu kwa sababu ya kile walichoacha kula.

Molekuli za gluteni ni kubwa, na ngozi nzima haiziruhusu kupenya hadi kufika utumboni kwa kiasi cha kuamsha ugonjwa. Kwa sababu hiyo shampuu inayooshwa kwa maji, sabuni ya kuogea na losheni inayopakwa miguuni si chanzo cha kuhara wala cha kingamwili kuendelea kuwa juu. Mgonjwa anayelazimika kujinyima mambo mengi hana sababu ya kuongezewa mzigo huu.

Kuna hali moja inayowapotosha hata watu makini. Baadhi ya wagonjwa wa seliaki hupata ugonjwa wa ngozi uitwao dematitisi hepetifomisi: vipele na malengelenge madogo yenye mwasho mkali kwenye viwiko, magoti, matako na kisogo. Kwa kuwa mwasho uko juu ya ngozi, ni rahisi mgonjwa kuamini kwamba kilichopakwa juu ya ngozi ndicho kinachowasha. Sivyo. Kingamwili za aina ya IgA zinazotokana na gluteni iliyoliwa ndizo zinazojikusanya chini ya ngozi. Mahali ambapo upele wa kuambukiza ni jambo la kila siku, mgonjwa wa namna hii huweza kutibiwa upele mara tatu au nne kabla ya mtu yeyote kufikiria utumbo. Kipande cha ngozi kinachochukuliwa kando ya kidonda, si katikati yake, na kuchunguzwa kwa ajili ya IgA ndicho kinachothibitisha. Tiba ni kuacha gluteni katika chakula. Dapsoni hutuliza mwasho wakati mlo ukisubiriwa kufanya kazi yake, lakini upungufu wa G6PD upimwe kwanza, kwa kuwa si haba katika maeneo yenye malaria, na dapsoni huweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mwenye upungufu huo.

Hesabu ya mdomo

Hofu inayobaki ni ya vitu vinavyofika kinywani: rangi ya mdomo, mafuta ya midomo, dawa ya meno, maji ya kusukutulia. Hapa hofu ina msingi, lakini inafaa ipimwe kwa hesabu.

Kanuni za kimataifa za vyakula, Codex Alimentarius, huruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni ikiwa kina gluteni isiyozidi miligramu 20 katika kila kilo moja. Marekani na Umoja wa Ulaya hufuata kiwango hicho hicho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka Italia ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi mitatu zinatosha kuharibu utumbo wa mgonjwa, na leo wataalamu wengi huchukulia kwamba chini ya miligramu 10 kwa siku ni salama kwa wagonjwa walio wengi. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina takriban gramu 2 au zaidi, yaani miligramu 2,000. Chembechembe tu za mkate zilizobaki kwenye kisu zina uzito katika hesabu hii.

Sasa rangi ya mdomo. Wataalamu wa usalama wa vipodozi wa Ulaya hukadiria kwamba mtumiaji hupaka takriban miligramu 57 kwa siku. Tuseme zote zimemezwa, jambo ambalo si kawaida. Ikiwa bidhaa hiyo ina gluteni kwa kiwango cha miligramu 20 kwa kilo, kilichomezwa ni takriban sehemu moja ya elfu ya miligramu. Ili mtu afikishe miligramu 10 kwa bidhaa ya namna hiyo, angepaswa kula nusu kilo ya rangi ya mdomo kwa siku moja.

Hesabu hubadilika ikiwa mtengenezaji ameongeza protini ya ngano kwa makusudi. Protini hiyo ikiwa asilimia 1 ya bidhaa, miligramu 57 zina takriban miligramu 0.6 za protini. Ikiwa asilimia 5, zinakaribia miligramu 3. Kiasi hicho peke yake hakifiki kikomo, lakini huongezeka juu ya masalia mengine ya siku, na mwenye mazoea ya kulamba midomo hupaka upya mara nyingi. Kwa kuwa mafuta ya midomo yasiyo na ngano ni mengi na si ghali, hakuna sababu ya kung'ang'ania yaliyo nayo.

Vipimo vya maabara vinaelekea upande huo huo. Mwaka 2019 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 66, miongoni mwake dawa za meno, maji ya kusukutulia, mafuta na rangi za midomo. Bidhaa 62 zilikuwa chini ya kiwango cha miligramu 20 kwa kilo, na nne zilizokivuka hazikukivuka kwa kiasi kikubwa. Dawa nyingi za meno huzitishwa kwa silika au kwa gundi za mimea na mwani, si kwa ngano. Hata mtu mzima akimeza dawa yote anayoitumia kwa siku, yaani karibu gramu 3, na dawa hiyo iwe na miligramu 20 kwa kilo, atakuwa amemeza takriban sehemu sita za mia moja za miligramu. Mzazi anayemnyima mtoto dawa ya meno yenye floridi kwa kuhofia gluteni anamwachia mtoto meno yaoze kwa hofu isiyo na uzito. Amwekee kiasi cha punje ya njegere na amfundishe kutema.

Kinachostahili kuangaliwa zaidi ya rangi ya mdomo ni mikono. Anayekula ugali kwa vidole baada ya kupaka krimu yenye protini ya ngano au unga wa oti hupeleka sehemu ya krimu hiyo kinywani, na mtoto anyonyaye vidole hufanya hivyo mchana kutwa. Kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula kunatosha. Mama anayenyonyesha mtoto aliyethibitishwa kuwa na seliaki asipake matitini krimu yenye nafaka hizo.

Kisha kuna vile vinavyoandaliwa nyumbani. Singo ya bibi harusi wa pwani haina kanuni moja. Kila somo ana mchanganyiko wake, na wapo siku hizi wanaotia unga wa ngano au oti ili mchanganyiko ushike. Barakoa za uso za aina hiyo nazo zimeenea. Unga mkavu unapopepetwa na kukorogwa huruka hewani, hutua mdomoni na puani, na hatimaye humezwa. Hapa hakuna sehemu za milioni za kuhesabiwa; ni unga mtupu. Mwenye seliaki aombe utumike unga wa dengu au wa mchele, na chombo kisiwe kile kilichokandia chapati.

Sabuni ya Japani

Yaliyosemwa hadi hapa yanahusu seliaki. Mzio wa ngano hufuata njia nyingine kabisa. Ndani yake, mwili hutengeneza kingamwili za IgE dhidi ya protini za ngano, na dalili hutokea ndani ya dakika chache hadi saa mbili: ngozi kuvimba mabaka yanayowasha, midomo na kope kuvimba, kifua kubana, kutapika, na kwa baadhi shinikizo la damu kuporomoka. Kwa mgonjwa wa namna hii ngozi si ukuta, ni mlango.

Ulimwengu ulijifunza hilo kwa gharama kubwa. Kuanzia mwaka 2004 hadi 2010 iliuzwa nchini Japani sabuni ya kunawia uso iliyokuwa na protini ya ngano iliyovunjwa kiasi kwa joto na tindikali, kiungo kilichojulikana kama Glupearl 19S. Ilisifiwa kwa povu laini, na watu zaidi ya milioni 4 waliinunua. Wengi wa walioathirika walikuwa wanawake ambao maisha yao yote walikula mkate na tambi bila shida. Kila siku povu liligusa kope na pua, sabuni yenyewe ikilegeza kinga ya juu ya ngozi, na mwili ukaanza kuijua ngano kama adui. Baadhi yao walivimba kope baada ya kunawa. Wengine hawakuona lolote usoni hadi siku walipokula chakula cha ngano, pengine wakafuatisha mazoezi au matembezi ya haraka, wakaanguka kwa mshtuko wa mzio. Mwaka 2011 sabuni hiyo iliondolewa sokoni. Hadi mwaka 2014, wagonjwa 2,111 walikuwa wamethibitishwa.

Madaktari wa ngozi wa Ufaransa walikuwa wamekwisha kuripoti wagonjwa wachache wa mzio uliotokana na protini za aina hiyo katika vipodozi, lakini hakuna aliyetarajia idadi kama ile. Jibu la Umoja wa Ulaya lilikuja mwaka 2017: protini ya ngano iliyovunjwa itumike katika vipodozi ikiwa tu vipande vyake, kwa wastani, havizidi kilodaltoni 3.5, udogo ambao hauwezi kuamsha mzio kwa urahisi. Vipande vya sabuni ya Japani vilikuwa vikubwa kuliko hivyo kwa mbali.

Somo hili linawahusu hasa wenye ukurutu, ambao ngozi yao ina nyufa. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2003 ulihusisha krimu zenye mafuta ya karanga, zilizopakwa watoto wachanga wenye ngozi yenye vipele, na mzio wa karanga baadaye. Ni busara mtoto mwenye ukurutu apakwe mafuta mepesi yasiyo na manukato, jeli ya petroli kwa mfano, kuliko krimu iliyosheheni protini za vyakula kwa jina la uasilia. Linawahusu pia wasusi, ambao mikono yao hushinda ndani ya viyoyozi vya nywele na “matibabu ya protini” ambayo mara nyingi protini yake ni ya ngano. Msusi anayevimba mikono au kupiga chafya kila atumiapo bidhaa hizo avae glavu, na apelekwe kupimwa mzio.

Mgonjwa wa mzio wa ngano, tofauti na wa seliaki, aziepuke bidhaa zenye ngano hata zile za kupaka miguuni. Akipatwa na mshtuko wa mzio, dawa ya kwanza ni adrenalini inayochomwa kwenye msuli wa paja, nusu miligramu kwa mtu mzima. Dawa za kutuliza mwasho na sindano za steroidi si mbadala wake.

Kusoma maandishi ya nyuma ya chupa

Majina ya mimea kwenye vipodozi huandikwa kwa Kilatini katika nchi nyingi, na hilo ni jema kwa sababu halibadiliki kati ya bidhaa ya Uturuki na ya Afrika Kusini. Ngano ni Triticum vulgare au Triticum aestivum, shayiri ni Hordeum vulgare, rai ni Secale cereale, oti ni Avena sativa. Oti safi huvumiliwa na wagonjwa wengi wa seliaki, lakini mara nyingi huchanganyika na ngano shambani na kinuni. Protini ya ngano iliyovunjwa huandikwa kwa Kiingereza “hydrolyzed wheat protein”. Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi, ingawa vile vilivyo chini ya asilimia 1 vyaweza kufuatana kwa mpangilio wowote; jina la ngano likiwa baada ya manukato na vihifadhi, kiasi chake huwa kidogo mno.

Majina mengine huwatisha watu bure. Glycine soja ni soya, Zea mays ni mahindi, Oryza sativa ni mchele. Glycerin na gluconate hazina uhusiano wowote na gluteni ijapokuwa zinaanza kwa herufi zinazofanana. Vitamini E, iandikwayo tocopherol, huweza kutoka kwenye kiini cha ngano, lakini aghalabu hutoka kwenye soya au hutengenezwa kiwandani.

Maneno “haina gluteni” kwenye kipodozi yasipewe uzito yanayopewa kwenye chakula. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2013 inahusu vyakula tu, haigusi vipodozi. Nchini Tanzania usajili wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019, na bidhaa iliyosajiliwa angalau ina orodha ya viungo ya kusomwa. Mafuta na losheni zinazopimwa kutoka kwenye ndoo na kuuzwa katika vichupa visivyo na maandishi hazina orodha. Kwa mwenye mzio wa ngano bidhaa hizo ni kamari. Mwenye seliaki azikwepe kwa midomo na mikono.

Dalili zisipokoma

Mgonjwa wa seliaki ambaye hajapata nafuu kwa mlo wake mara chache sana ana tatizo la vipodozi. Mhudumu amuulize kwanza unga wa mahindi unasagwa wapi, kwa kuwa mashine iliyotoka kusaga ngano huacha masalia ya kutosha kumrudisha kitandani. Amuulize kama chipsi hukaangwa kwenye mafuta ya sambusa na mandazi, kama unga wa lishe umechanganywa ngano, kama anakunywa bia au vinywaji vya kimea cha shayiri, kama soseji na sosi ya soya zimesomwa maandishi yake, kama hupokea hostia kanisani. Maswali hayo yakiisha, ndipo zamu ya kile kinachopakwa midomoni na mikononi ifike.

Mtu ambaye bado hajapimwa lakini amekwisha kutupa vipodozi na kuanza kujinyima ngano kwa kujishuku hubaki na tatizo lingine. Kipimo cha damu cha kingamwili dhidi ya transiglutaminasi, pamoja na jumla ya IgA, na vipande vya utumbo vinavyochukuliwa kwa endoskopi, huonyesha ukweli ikiwa tu mgonjwa bado anakula ngano. Akiisha kuiacha kwa miezi, majibu yanaweza kuonekana safi ilhali ugonjwa upo. Huyo aelekezwe kwa daktari mapema, na hadi siku ya kipimo aendelee na chapati yake, isipokuwa kama amewahi kuvimba au kubanwa kifua baada ya kula ngano.